Machungwa Kwenye Malimau Pori

Sebastiani alikuja Same akiwa kijana, kutoka Kasulu, kukata mkonge. Mashine ya kuchakata ikamla vidole vitatu vya mkono wa kulia, akahangaika huku na huko, mwishowe akapata kazi ya bustani katika zahanati yetu, ambapo mimi ni muuguzi.

Kutoka getini hadi kliniki ya wajawazito kulikuwa na miti kumi ya malimau pori, imepandwa kwa urembo tu. Inapogolewa duara, maua yananukia, matunda hayaliki. Siku moja mama mjamzito aliyetembea tangu alfajiri alichuma limau, akaling'ata, akalitema. Sebastiani alimtazama. Jumapili akaenda Kileo kwa rafiki yake Anaeli, mwenye michungwa mitamu, akarudi na vikonyo, vijitawi vya kubebesha juu ya mti mwingine ili viungane nao, vimefungwa kwenye gome bichi la mgomba.

Nilimshikia tawi siku hiyo. Alilipasua kwa kisu, akachomeka kikonyo kilichochongwa, kisha akauma ncha ya ukanda wa nailoni kwa meno huku vidole viwili vikizungusha.

"Usitikise, sista," alinong'ona. Mwenyewe alikuwa hapumui.

Kesho yake Daktari Priska, mkuu wa zahanati, alisimama mbele ya miti miwili iliyokatwakatwa.

"Shikamoo, mzee Sebastiani."

"Marahaba, daktari."

"Sasa ndiyo nini hii? Wageni wakija niwaambieje?"

"Waambie inabebeshwa machungwa."

"Na ikifa?"

"Nitapanda mingine kwa jasho langu."

Daktari aligusa tawi moja lililofungwa. "Ishia hiyo miwili. Mingine usiiguse mpaka nione."

Jua la Same halina huruma. Kati ya vikonyo kumi na viwili, tisa vilikauka. Watu walimcheka, mimi nikiwemo. Yeye alingoja mvua, akaenda tena Kileo, akarudia, safari hii akivifunika kwa mifuko.

Mwaka wa tatu yakatoka machungwa kumi na moja. Daktari Priska alimenya moja palepale njiani, akala lote, akafuta mikono kwenye koti lake jeupe.

"Mzee, nipe ratiba ya ile minane iliyobaki."

Sebastiani amestaafu sasa. Lakini kila Jumanne, siku ya kliniki, utamkuta kwenye benchi la akina mama, anawaonyesha namna ya kuchonga kikonyo, na wengine wanaondoka na vikonyo kwenye khanga kwenda kujaribu nyumbani.