Shimo Ambalo Sikulionyesha

Mwezi uliopita nilikwenda Kigali kwenye harusi ya ndugu, na mpwa wangu, kijana mwenye haraka kama wenzake wote wa siku hizi, akaegesha gari mjini, chini kidogo ya soko, ili tununue vitambaa. Nikafungua mlango, nikashusha mguu, na mguu ukakataa kukanyaga. Nilikuwa nashukia ndani ya chumba cha kulala cha bibi yangu. Nilipajua kwa ule ukuta wa mawe wa jirani, upande wa juu, ambao mawe yake nilikuwa nikiyahesabu kila nikilala na homa. Mpwa akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nina hasira, na hasira zenyewe zimemzidi umri.

Mama wa tiketi, mwenye fulana ya manjano, akatuambia tusizoee sana parikingi hii, maana mwakani panajengwa ghorofa. Kibao kipo, kina picha ya vioo vitupu. Nilicheka mpaka akanitazama vibaya. Ghorofa hilo, mama wee, nalisubiri tangu nina miaka kumi.

Basi kaa nikusimulie, na usiniambie nisamehe. Wameniambia wengi.

Ilikuwa nyumba ya matofali mabichi yaliyopakwa chokaa, bati lenye kutu, na baraza refu mbele. Babu yake babu alitoka Ujiji na marobota ya nguo, akaoa hapa hapa, akakaa. Babu alikuwa fundi cherehani na mimi sikumkuta. Nilimkuta bibi tu, mwenye baraza lake la chai na sambusa, na sauti ya kumsimamisha mwenda baiskeli upande wa pili wa barabara. Alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, mimi nilikuwa napepea mkaa, natwanga tangawizi, nakata vitunguu huku machozi yananichuruzika. Adhana ikiisha, kengele za kanisa zinaanza, halafu cherehani za mafundi wa jirani zinapokea. Kulikuwa na mpera nyuma ya jiko. Mapera yake yalikuwa mekundu ndani, na tuliyala kabla hayajaiva kwa sababu yakiiva yalikuwa ya popo.

Sasa nikuambie habari za choo, na usikunje pua. Choo chetu alikichimba babu na wenzake wawili kiangazi kizima, kwa sababu udongo wa kilima kile ni mgumu kama moyo wa mtoza ushuru. Bibi alisema ukidondosha kijiwe unaweza kusoma bismillahi yote kabla hujasikia kimefika. Mtaa mzima waliazima. Bibi alijivunia choo kile kuliko baraza. Nyumba ni choo, alikuwa akisema, kuta hata mbuzi atazikuta kichakani.

Na alikuwa na sheria yake, aliyoipata kwa mama yake. Anayehama haondoki mpaka amwonyeshe anayeingia vitu viwili: mpaka wa kiwanja na shimo la choo. Hata kama mmegombana, hata kama amekutukania wazazi. Shimo halichagui adui, alisema, litammeza na mtoto aliyetumwa kununua chumvi.

Tajiri nilimjua tangu hajawa tajiri. Alianza na trei ya betri na sabuni shingoni, akishinda juani, na saa sita anakuja barazani kwetu kula sambusa. Bibi alimwita mwanangu. Siku za mvua alimweka jikoni akauke, akampa kanga ya kujifuta. Kisha akapata duka, kisha maduka, kisha tumbo, kisha marafiki kwenye ofisi za serikali ya komini. Mwaka wa tisini na mbili akaja na karatasi ya Kifaransa yenye mihuri mitatu. Akakaa mkekani petu, akanywa chai yetu, akaeleza kwamba hati za babu zimekwisha muda, kiwanja kimepangiwa jengo la kisasa, na yeye ndiye atakayelijenga. Tuwe tumetoka mwisho wa mwezi. Fadhila ya punda ni mateke, lakini punda angalau hanywi chai yako kwanza.

Ndipo tajiri akasema lile neno ambalo sijalisahau: "Mama, usiogope. Ghorofa likisimama, chumba cha kwanza chini ni chako. Utauza sambusa ndani ya vioo."

Na bibi akacheka. Alimwamini, unaelewa? Aliwaaga majirani akiwaambia anaondoka kidogo tu, wanamjengea. Tukahamia mtaa wa Biryogo, chumba kimoja cha kupanga, choo cha watu wa nyumba sita.

Siku ya tatu baada ya kuhama bibi alikumbuka kwamba hakuwa amemwonyesha mtu shimo. Miguu yake ilikuwa imevimba, akanituma mimi. Nilikuta nyumba imelala chini. Mpera umekatwa, mapera mabichi yametapakaa kwenye vumbi na wafanyakazi wanayakanyaga. Pale chooni walikuwa wamebomoa kuta zake za vijiti, wakalaza mlango wetu wa mbele juu ya tundu, ule wa mninga aliouchonga babu, na juu ya mlango wakamwaga udongo. Mmoja alikuwa anausawazisha kwa koleo huku anapiga mluzi. Nilimwendea msimamizi wao nikasema shikamoo, nina ujumbe wa bibi. Hata hakunigeukia. Alisema watoto wa Waswahili wamezidi kuzurura, nitoke kabla hajanifungulia mbwa. Mbwa mwenyewe hakuwapo.

Nikatoka. Nilisimama barabarani nikautazama ule udongo uliosawazishwa vizuri, na hapo hapo nikaamua. Nilipofika nyumbani bibi aliniuliza kama nimewaonyesha. Nikasema ndiyo, bibi, nimewaonyesha.

Ghorofa halikusimama. Kilisimama kibao chenye ghorofa la rangi ya buluu, na chini yake yakaja magari. Malori kwanza, kisha magari ya watu wa ofisi, na pembeni kabisa, langoni, Benzi jeupe la tajiri. Kila nikitoka madrasa nilipitia pale, nikapanda ukuta wa mawe wa jirani, nikangoja. Wenzangu walicheza kamba. Mimi nilikuwa na kazi. Nilimwomba Mungu kwa adabu kabisa, kama unavyoomba mvua, kwamba siku moja tajiri aweke gari lake pale nyuma, palipokuwa na choo. Lakini Benzi lilikaa langoni miezi na miezi, na pale nyuma hapakuwekwa kitu, kwa sababu hapo ndipo mlinzi, tuliyemwita zamu, alipokuwa akipika.

Zamu alikuwa mzee aliyekimbia vita vya kaskazini. Shamba lake, alisema, lilikuwa na njegere na viazi mbatata, na sasa lina askari. Alivaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Alikuwa ameweka mafiga yake matatu juu ya mlango wetu wa mninga, bila kujua, na hapo anachemsha viazi vitamu, anakaa, anasinzia. Siku ya kwanza aliniita kwa Kiswahili chake cha Kinyarwanda, "Weye mutoto, njaa iko?" akanirushia kiazi kwenye gazeti. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nilishuka ukutani nikala naye, na nilihisi ardhi inapumua chini ya makalio yangu, au nilidhani hivyo.

Hapo ndipo nilipobanwa. Nikimwambia ukweli, atamwambia bwana wake, watafukia shimo kwa mawe, na tajiri atabaki mzima na Benzi lake. Nisipomwambia, mvua kubwa zikija atakwenda yeye na sufuria yake. Nilikosa usingizi kwa ajili ya mzee yule, na haki ya Mungu nilimchukia kidogo kwa kuwa mwema. Mwisho nikapata njia ya mtoto, yaani uongo. Nikamwambia asipike pale, pale ndipo bibi yangu alipokuwa akisalia, miaka arobaini, swala tano kila siku.

Yule mzee alikuwa Mkristo wa kanisa la kijijini. Aliinuka, akavua kofia. Alihamisha mafiga yake moja moja hadi karibu na lango, akachuma majani akafagia pale pote, na akaniomba nimpelekee bibi salamu na msamaha. Nikamjibu bibi hana neno.

Kumbe uongo ukishatoka nyumbani hauulizi njia. Wiki iliyofuata nilikuta Benzi limehamia pale nyuma, limekaa juu kabisa ya tundu, linang'aa. Zamu aliniita kwa furaha. Alikuwa amemwambia dereva kwamba kona ile imeombewa miaka mingi, ina baraka, gari la patroni likae hapo. Alitaka kumpendeza bwana wake. Mimi nilirudi ukutani kwangu.

Nilingoja wiki tatu. Mvua zilikuwa zinapiga usiku na mchana, mwaka wa tisini na tatu. Jumamosi moja baada ya adhuhuri tajiri alikuja kwa miguu kutoka dukani, suti nyeupe, ua kifuani, anakwenda kuwa mgeni wa heshima kwenye harusi. Akaingia kiti cha nyuma. Nadhani tumbo lile ndilo lililomaliza kazi. Kulisikika mlio wa mti unaovunjika, ndio mlango wa babu huo, na Benzi likakaa kitako polepole, kama mama mzito anavyokaa kwenye mkeka. Pua ikatazama mbinguni. Kisha harufu ikapanda. Miaka thelathini ya familia yetu, rafiki yangu, na ya mtaa mzima walioazima.

Tajiri alitoka kwa dirisha. Siwezi kukueleza suti ile. Mafundi waliacha cherehani, wauza karanga walikimbia wakaja, mtu mmoja alicheka mpaka akashika nguzo. Na mimi juu ya ukuta sikucheka hata kidogo. Nilikuwa na furaha tulivu sana, furaha ya kushiba. Sijapata kuipata tena, hata siku niliyojifungua.

Halafu tajiri akamwita zamu. Akamuuliza mbele ya watu wote nani alisema gari likae pale. Yule mzee aliinua uso akanitazama ukutani. Alikuwa ameelewa. Niliona kabisa kwamba ameelewa, na nilimngoja aseme.

"Ni mimi tu, patroni," alisema. "Hakuna mutu alinambia."

Kofi lilisikika hadi barabarani. Kofia ya sufu iliruka ikaingia shimoni. Mzee alisimama akipapasa kichwa kitupu kwa mkono mmoja na shavu kwa mwingine, na watu wakaacha kucheka. Tajiri akamwambia achukue sufuria yake asionekane tena. Aliichukua. Alipita chini ya ukuta wangu, hakuniangalia, akashika njia ya kuteremkia bondeni Nyabugogo. Mimi nilikuwa na mdomo, na ulimi, na miaka kumi na mmoja. Sikushuka.

Habari ilifika Biryogo kabla yangu. Nyumba zote sita zilikuwa zinacheka. Bibi peke yake hakuwa anacheka. Alinivuta ndani, akafunga mlango, akaniuliza siku ile nilimwonyesha nani shimo. Nikamwambia yote, na ya kofi pia. Alikaa kitandani. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Lilizama mpaka wapi?"

"Mpaka vioo vya nyuma, bibi."

Aliziba mdomo kwa kanga na mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akalia, na alipoanza kulia hakurudi kucheka. Kesho yake alipika pilau, akafunga miguu yake vitambaa, tukateremka hadi Nyabugogo kumtafuta mzee wa watu. Tuliuliza wauza mkaa, tukauliza kwenye malori yanayokwenda kambi za waliokimbia vita. Wazee wasio na kofia walikuwa wengi. Pilau ilipoa, tukawapa watoto waliokuwa wakitufuata. Bibi hakunipiga wala hakunisema. Aliongeza tu kwenye dua zake za Ijumaa jina lisilo jina, yule mzee, na mimi nililazimika kuitikia amina.

Bibi alifariki mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nne. Walionusurika huniambia alipumzishwa mapema. Ya mwaka ule sitayatia katika hadithi ya gari. Mzee yule alikwenda wapi, alifika wapi, sijui, na wa kuulizwa hawapo. Nyumba haipo, mpera haupo, mafundi wa cherehani hawapo, na sijasikia tena mtu akimwonyesha mwenzake shimo wakati wa kuhama. Tajiri, wameniambia huko harusini, alikufia ng'ambo, kitandani, amezeeka vizuri, wajukuu wamemzunguka. Nilishindwa kumaliza chakula.

Nyumba ningeweza kumsamehe. Mbona watu wamesamehe makubwa zaidi katika mji ule, nami nimewaona kwa macho yangu. Kofi ndilo limenishinda. Naamka nalo, napika nalo, namlaani tajiri kwa ajili yake mpaka leo, kwa nguvu zangu zote, kwa sababu nikinyamaza kidogo tu namkumbuka yule mzee akiniangalia pale ukutani, na kwamba kofi lile lilikuwa langu.