Wimbo Niliousikiliza kwa Sekunde Tano

Kuna watu mtaani kwetu, hapa Goma, ambao mpaka leo wakipishana na mimi wananiuliza, "Sadiki, leo tunabaki ao tunakimbia?" na mimi nacheka nao, kwa sababu aibu ile sikupewa na mtu, niliitengeneza mwenyewe, kwenye kompyuta yangu, nikiwa na akili zangu zote na kikombe cha chai pembeni.

Ilikuwa arusi ya dada yangu Neema, na lazima mjue kwamba tulikuwa tunaijaribu kwa mara ya tatu. Mara ya kwanza, siku ya kupokea mahari, wakwe walikuwa njiani kutoka Masisi wakakuta waasi wamefunga barabara, wakarudi na ng'ombe wao (sisi tukala wali peke yetu, tukitazamana). Mara ya pili viti vilikuwa vimeshapangwa, volkano ikalipuka, moto ukateremka, tukakimbilia mji wa Sake kwa miguu, Neema amebeba gauni lake kichwani ndani ya mfuko wa unga. Basi upande wa bwana arusi, Baraka, maneno yakaanza. Baba yake mkubwa, Muzee Bahati, ambaye ndiye msemaji wa ukoo wao, alikuja kwetu, akanywa chai mpaka ikaisha, ndipo akasema kwa upole:

"Sisemi mutoto yenu iko na mukosi. Nasema tu, kama na hii ya tatu inavunjika, sisi tutaikala chini tufikiri muzuri."

Kila mtu sebuleni alijua maana ya kukaa chini na kufikiri vizuri. Neema alikuwa nyuma ya pazia la jikoni, alisikia yote, na jioni ile aliosha sahani zilizokuwa safi.

Hapo ndipo nikasema sherehe nitaisimamia mimi. Mimi ni mtu ambaye nikipiga pasi shati naipiga hata sehemu inayoingia ndani ya suruali, na kompyuta nilijifundisha peke yangu kwenye mashine ya zamani isiyo na herufi M, kwa hiyo nilijiona mtaalamu. Nikaandika programu ya dakika kwa dakika: saa nane na dakika tano wageni wanakaa, saa nane na dakika kumi na saba bibi arusi anaingia, makofi dakika mbili. (Sherehe zetu siku hizi ni za mchana, ili kila mtu afike kwake kabla ya giza.) Kilichobaki kunitisha kilikuwa kitu kimoja tu, DJ.

Tulimkodi DJ Radi, mtu mpole mwenye vipaza sauti vikubwa kuliko nyumba yake. Siku za sherehe anapiga muziki, siku nyingine anafunga vipaza sauti hivyo juu ya gari na kuzunguka mjini akitoa matangazo, ya chanjo, ya mikutano, ya mbuzi aliyepotea. Kasoro yake ni kwamba anasema juu ya nyimbo. Anasalimu kila mtu, hadi muuza maandazi aliyepita barabarani. Nikaona huyu ataniharibia dakika zangu, nikamfuata kwake siku moja kabla, nikamwomba flash yake ya nyimbo.

"Petit, mdogo yangu, ile flash ni ya kazi yangu yote," akasema. "Iko bintu mingi ndani."

"Nipe tu, papa, nitakupangia."

"Nyimbo zangu hazina majina. Miye najua tu kila moja inakaa wapi."

"Ndiyo maana nitazipa namba."

Akanipa, kama mtu anayemkabidhi mtoto wake kwa kinyozi mgeni.

Ndani kulikuwa na faili zaidi ya mia, zote zinaitwa Piste hii na Piste ile (ndiyo wimbo kwa Kifaransa), na umeme ulikuwa umekatika, betri inashuka. Nikaamua kusikiliza kila moja kwa sekunde tano. Tano zinatosha, nilijiambia, wimbo mzuri unajulikana pale unapoanza. Nikafika Piste ya sitini na moja, na gitaa likaanza, taratibu, tamu, gitaa la mtu aliyependa na akajibiwa. Nikafumba macho, nikamwona Neema anaingia mlangoni. Nikaipa namba saba: kuingia kwa bibi arusi. Sikungoja sekunde ya sita.

Asubuhi ya arusi, ukumbini, nikamrudishia DJ Radi flash yake.

"Umesikiliza yote mupaka mwisho?" akaniuliza.

"Yote," nikasema.

Neno moja. Ningekuwa na uwezo wa kurudi nyuma na kuchukua neno moja tu katika maisha yangu, ningechukua hilo.

"Na miye nifanye nini?"

"Uwashe tu, papa, nyimbo zitafuatana zenyewe. Usiguse, na tafadhali usiseme kitu." Mikrofoni nilikuwa nimeshaichukua, nikaitia kwenye mfuko wangu chini ya meza ya keki.

Akaniangalia kama mpishi aliyekatazwa kuonja. "Basi, miye nitakula."

Saa nane na dakika kumi na saba kamili (nilikuwa na saa mbili mkononi, moja ya kuhakikisha nyingine), gitaa likalia. Watu wakasimama. Neema akatokea mlangoni, mkono wake ndani ya mkono wa baba, na nikaona Muzee Bahati anatikisa kichwa kwa kuridhika, na mimi karibu nilie. Sekunde ya tano ikapita. Ya sita. Ya kumi. Kisha gitaa likashuka na sauti nzito ikajaza ukumbi:

"Bakaaji bote ba muji, musikilize muzuri. Mulima iko na hatari. Beba batoto, beba karatasi zako, fwata njia ya Sake. Musingoje mutu."

Na gitaa likarudi, tamu vilevile.

Baadaye niliambiwa kwamba watu wa matangazo huweka gitaa kwanza, ili wananchi watoke nyumbani na kusogea karibu, wakifikiri ni muziki. Mimi nilisogea kuliko wote.

Hakuna aliyepiga kelele. Watu wa Goma hawapotezi muda kwa hilo. Shangazi yangu alibeba sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, akafika mlangoni, akarudi kuchukua kifuniko. Wajomba wawili walinyanyua kochi la maarusi na kulifunga juu ya chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, na walilifunga vizuri. Mtu alichukua mfuko wangu, kwa hiyo mikrofoni ikaelekea Sake bila mimi. Neema alivua viatu, akafunga gauni juu ya magoti, akamshika Baraka mkono na kumvuta (ndipo nilipojua nyumba ile itaongozwa na nani). Na DJ Radi, ambaye sauti ile ilikuwa yake mwenyewe, alipita mbele yangu mbio na sahani yake. Nilibaki nimesimama na programu mkononi. Ilisema: makofi, dakika mbili.

Nilipotoka, mtaa mzima ulikuwa umeshaona watu wa arusi wanakimbia, nao wanafunga mizigo. Nikapiga kelele, "Ni tangazo la zamani! Ni makosa!" lakini nani anamsikiliza kijana mwenye tai? Mbele ya nyumba moja kulikuwa na mama mzee anafunga godoro kwa kamba, fundo halishiki, machozi yanamtoka bila sauti. Nikapiga magoti, nikamweleza, nikalifungua godoro pamoja naye na kulirudisha ndani. Akaniambia tu, "Mutoto yangu, hii kitu usicheze nayo." Hapo haikuchekesha, na nikiisimulia kwa marafiki sehemu hii huwa naipunguza sauti.

Watu wa arusi niliwapata kwenye njiapanda ya kwenda Sake, ambapo madereva wa pikipiki walikuwa wamewasimamisha.

"Munakimbia nini? Mulima si ile pale, inalala."

Wote wakageuka kutazama mlima. Ulikuwa umelala kweli. Kisha Muzee Bahati, koti begani, jasho linamtiririka, akamgeukia baba yangu.

"Umeona, ndugu yangu? Mara ya tatu."

Neema alikuwa amesimama pekupeku juu ya mawe meusi, anaangalia miguu yake. Nakiri kwamba kwa muda kidogo nilifikiria kumsingizia DJ. Sauti ni yake, flash ni yake, nani angebisha?

"Papa," nikamwambia Muzee Bahati, "Neema hana kosa. Ni mimi." Nikaeleza yote, namba, betri, mikrofoni.

"Ulisikiliza ile wimbo kiasi gani?"

"Sekunde tano."

"Na ukaambia huyu Radi umesikiliza yote?"

"Ndiyo, papa."

Akamgeukia DJ, akauliza polepole, "Na wewe Radi, ulikimbia sauti yako mwenyewe?"

DJ Radi alimeza kwanza. "Nilisikia mutu anasema na nguvu, nikaona huyu anajua."

Muzee Bahati alianza kucheka kwa mabega, kisha kwa tumbo, akashika ukuta. "Kumbe mukosi ni hii ya tai!" akasema, akamshika Neema mkono yeye mwenyewe. "Kuya, binti yangu. Turudi, iko chakula."

Tukarudi. Neema akaingia kwa mara ya pili na vumbi hadi magotini, DJ Radi akapiga nyimbo kutoka kichwani mwake, akasalimu kila mtu, hadi majirani waliokuwa wanarudisha magodoro ndani, na hakuna hata dakika moja iliyofuata programu. Saa kumi na moja na nusu watu wakaaga, na mume akaondoka na mke wake.

Tangu siku hiyo niliapa kutogusa kazi ya mwenye kazi. Kwenye sherehe za ukoo napewa viti tu, na hata viti navipanga ovyo kwa makusudi. Nikiona kimoja kimekaa upande, mikono inaniwasha, basi naenda nje, nasimama huko mpaka watu wakikalie.