Makochi Kumi na Matatu kwa Mtoto Mmoja

Naapa kwa pensheni yangu, ambayo ni ndogo lakini ya halali, kwamba haya yote ni kweli tupu. Atakayekuta uongo humu, aje aichukue.

Saa kumi na mbili asubuhi, Fundi Kochi amepiga magoti kwenye karakana yake ya mabati, pini amezibana midomoni, anavua kitambaa cha kochi kuukuu. Anaingiza mkono tumboni mwa kochi. Anatoa ufunguo, vijiko kumi na saba na kuku anayeatamia.

"Watu hukalia mali zao," anasema, akiuweka ufunguo pembeni ili amrudishie mwenyewe.

Mwanamke huyu wa miaka arobaini na moja anaishi peke yake katika chumba kilichopakana na karakana. Anataka kumwasili binti wa miaka mitatu. Walikutana alipokwenda kutengeneza viti vya kituo cha watoto. Mtoto, wakati huo akitambaa, aliingia ndani ya kochi lililovuliwa, akagoma kutoka.

"Nikamwacha, nikashona upande mwingine," anasema. "Aliyekataa kutoka kwangu nitamkataaje?"

Kuasili kuna gharama, na Fundi huzihesabu kwa makochi, yale ya ziada anayoshona baada ya kutimiza ya kodi na ya chakula. Wakili, makochi tisa. Vipimo vya afya na ada za mahakama, matatu. Kitanda cha mtoto na godoro lake, moja.

Kaka yake alimshauri anunue cherehani ya pili, maana mtoto wa kununua hana shukrani. Fundi hakuondoa macho kwenye sindano.

"Mtoto hana bei, kaka. Zenye bei ni karatasi. Na cherehani haitaniita mama."

Imemchukua miaka miwili. Kumi na mawili yalikwenda kwa wakili, hospitali na mahakama. La kumi na tatu limetoa kitanda tu. Sponji imepanda bei, godoro likabaki dukani.

Wiki jana alikuja afisa wa ustawi wa jamii kukagua makazi. Chumbani hamkuwa na kiti hata kimoja, kwani kila anachoshona Fundi huuzwa. Afisa akakaribishwa karakanani, juu ya rundo la sponji, akazama mpaka ikabaki miwani. Alipovutwa nje akasema chumba ni kisafi, lakini mtoto halali juu ya mbao. Atarudi Ijumaa. Godoro lisipokuwepo, faili litasubiri kikao kijacho, miezi sita mbele.

Sponji ya karakanani ni ya wateja, na Fundi haigusi. Majirani wakataka kupitisha mchango. Mimi nami, jirani yake mstaafu, nikatia mkono mfukoni. Tulifukuzwa sote.

"Nikimlea kwa mchango, kila aliyechanga atakuja kunifundisha kumwogesha," alisema. "Sadaka wapelekeeni wanaoomba. Mimi nashona."

Jana nilimsomea haya niliyoandika, maana ndio uungwana. Alisikiliza huku akigonga pini. Nilipomaliza, akatema ya mwisho kiganjani.

"Babu, vijiko vilikuwa viwili. Kuku sikumwona. Na yule afisa alikaa vizuri tu, akanywa na chai."

Nikamwambia hiyo ni chumvi ya kunogesha. Akanijibu kwamba hata chumvi hununuliwa.

"Uliapa kwa pensheni. Leta."

"Si ulisema hutaki sadaka?"

"Hii si sadaka. Ni faini."

Nikalipa, tena bila kupewa punguzo la uzee. Jioni godoro lilikuwa kitandani, limetandikwa, linamsubiri afisa. Binti akishaletwa, anasema Fundi, kochi la kumi na nne halitauzwa. Litakuwa dogo, na chini yake ataacha uwazi wa kujificha.

Nilitaka kulikalia godoro kidogo, nilipime. Akaziba mlango kwa mwili wake.

"Na usije ukatangaza kwamba umemnunulia mwanangu godoro, babu. Wewe umelipia kuku."

Basi kuku nimemwacha palepale mwanzoni mwa hadithi. Ni wangu.