Mpenzi Wangu Sasa Ananiita Dada

Msomaji wetu ameomba tusitaje jina lake. Majina ya watu na ya kijiji chake tumeyaficha.

Wasomaji wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane. Nimemaliza kidato cha nne Masasi na nimerudi kwetu, kijiji cha ujamaa karibu na Kitangari, kusubiri kuitwa chuo cha ualimu. Sijaitwa. Nikishateka maji na kupalilia shamba la kijiji, sina tena la kufanya.

Hapo ndipo nilipomzoea kijana mmoja, nitamwita Agostino. Alivuka mto Ruvuma akiwa mdogo, mgongoni kwa mama yake, wakikimbia vita. Mama yake alifia kijiji cha Mnyambe, akabaki peke yake. Hana kazi maalumu. Leo anabangua korosho za watu, kesho anaezeka nyumba. Nikimuuliza mipango yake, hunijibu, "Tutaona." Tulikuwa tunashuka bondeni kuteka maji na kupanda polepole makusudi, ili njia isiishe.

Siku moja gari la sinema lilikuja Newala. Baada ya filamu ya kilimo wakaonyesha ya mapenzi, ya kijana na msichana wa nchi za mbali wanaozurura tu mitaani bila kazi. Agostino akanong'ona, "Wanatangatanga kama sisi, ila wao wana viatu." Nilicheka hadi watu wakageuka. Tuliporudi nikamwambia nimechoka kuzurura, aje kwa mjomba anipose. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno.

Kwa desturi huja wazee wa mwanamume, na kabla ya lolote huulizana koo za mama. Agostino hakuwa na wazee, alikuja mwenyewe. Mimi naye hatukuwahi kuulizana. Nilidhani mtu wa ng'ambo ya mto hawezi kuwa wa kwetu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mama yako ni wa watu gani?"

Akautaja ukoo, hata kabla ya kusema alichojia. Mjomba akamwita bibi yangu. Bibi akamuuliza jina la mama wa mama yake, na la dada zake, na walikotoka. Agostino alijibu yote, kama alivyofundishwa na mama yake. Bibi akamshika uso kwa mikono miwili akalia, "Jamani, mtoto wa kwetu huyu! Tulidhani wameisha wote vitani!" Wanawake wakapiga vigelegele. Mjomba akanigeukia akicheka kwa furaha, akasema, "Unasimama nini? Mletee kaka yako maji anawe."

Nilileta. Maji yakammwagikia miguuni.

Kwetu watu wa ukoo mmoja wa mama ni ndugu. Hawaoani, hata kama hawajawahi kuonana. Agostino amepewa mikorosho na mahali pa kujenga. Bibi humwekea ugali kila siku. Nilimfuata njia ya kwenda kuteka maji nikamwambia tuondoke, twende Masasi, au Nanganga, mahali wasipotujua. Akasema, "Dada, nilikuwa sina mtu. Sasa nina bibi. Unataka nimwache?"

Simchukii, na sijui nimchukie nani.

Sasa mjomba amemtafutia mchumba Mnyambe. Mama, ambaye hajui lolote, ameniambia niende na wanawake Ijumaa kumposea, maana mimi ndiye dada yake mwenye elimu, nitajua kusema vizuri. Kanga nimeshanunuliwa.

Ndugu wasomaji, labda yupo kati yenu wa huku kwetu ambaye wazee wake waliwahi kulegeza jambo kama hili. Kama yupo, naomba aniandikie hapa. Kama hayupo, basi nifundisheni tu: Ijumaa nikifika kwa watu wale na kuulizwa kaka yangu ni mtu wa namna gani, nifungue kinywa niseme nini?