Pepo Niliyemng'ang'ania

Juzi nilimpeleka mjukuu wangu kliniki huko mtaa wa Komarock, maana akiambiwa keti, anasimama. Daktari akasema ukaidi wa hivyo una jina lake, na dawa yake huanza na kumsikiliza mtoto. Nilicheka. Enzi zangu pale mtaani Jericho, dawa ilikuwa akina mama wa maombi.

Walijaa chumbani mwetu mchana wa jua kali, wakinuka mafuta ya taa na sabuni ya kipande, wakanibana kichwa. Nilikuwa nimekataa kumwita baba yule mwanamume aliyehamia kwetu. Nisipobadilika siku hiyo, Mama aliapa, kesho yake ningepelekwa ushago, kijijini kwetu, nikae huko.

"Pepo, toka!"

"Fungua mdomo, wewe Mueni, apate njia!" akafoka jirani yetu, Mama Njeri.

Mimi nilidhani pepo ni kitu hasa, kama panya. Nikauma meno. Atoke aende wapi, na ndiye pekee aliyekuwa upande wangu?

Mwishowe Mama akalia. "Kwani unataka nini, mama?"

Hakuwahi kuniuliza. Nikafungua mdomo. "Baba yangu alikufa. Huyu ana jina lake mwenyewe."

Wakaniachia kichwa. Ushago sikupelekwa. Na yule mzee, nilimwita Mutua mpaka tukamzika.