Korosho za Mama Uani

Mama yangu alipohamia kwangu Masasi kutoka Chilangala, daktari alimwambia atembee kila asubuhi, magoti yasikaze. Mama akacheka. "Nitembee niende wapi? Kwani mimi kichaa?"

Lakini mwanamke aliyezeekea kwenye mikorosho hawezi kuiacha korosho chini! Asubuhi moja nikazitawanya uani, mojamoja, kutoka mlangoni mpaka kwenye mpapai. Alipoziona tu, akanyakua mkongojo na kikapu. Akainama, akaokota, akasogea, huku akimtukana mzembe aliyezimwaga. Mimi dirishani nimeziba mdomo kwa kanga. Jamani, mama anatembea!

Alipomaliza, akaingia ndani, akaniwekea kikapu miguuni.

"Kesho zitupe mbali zaidi," akasema. "Leo hata jasho halijanitoka."