Pia ya Goti la Minza

Kilichotutoa Lalago siku ile ni goti la binti yangu Minza, mwenye miaka kumi na minne. Alikuwa akicheza netiboli, akageuka ghafla, pia ya goti ikahamia upande wa nje. Mimi nimezalisha ng'ombe wengi, lakini nilipoliona goti lile nilikaa chini.

Saa nne asubuhi tulimpandisha kwenye pikapu, juu ya magunia ya pamba, mguu ukiwa umejikunja. Mama yangu alitaka kulikanda goti kwa samli kwanza.

"Bibi, ukiligusa nakuuma," Minza akamwambia.

Bibi akapanda naye, na samli yake.

Maswa tulisimama kujaza mafuta. Kila aliyechungulia alikuwa daktari. Mmoja alisema livutwe, mwingine lipigwe kofi la kushtukiza. Minza akafumba macho, akawakatalia wote.

Saa saba tukafika hospitali, Bariadi. Daktari, mama mmoja mpole, akamsalimia kwa Kisukuma, "Mwadila mayu," kisha akamuuliza anacheza nafasi gani. Minza alipokuwa akieleza, daktari aliunyoosha mguu taratibu, huku akiisukuma pia kwa kidole gumba. Kikasikika kitu: ko.

"Imerudi," akasema.

"Lini?" nikauliza. Nilikuwa nimegeukia ukuta.

Picha ya eksirei ilionyesha mfupa haukumegeka. Minza aliuliza swali moja tu: "Nitacheza tena?"

"Ukivaa kifunga goti wiki hizi chache na ukafanya mazoezi ya paja kila siku, utacheza. Ukipuuza, itahama tena, na ikizoea kuhama tutaanza kuzungumzia upasuaji."

Bibi akauliza samli aipeleke wapi.

"Kwenye mboga, mama. Gotini hapana."

Jioni tulirudi kwa basi. Minza alichukua viti viwili, mguu umenyooka kama mpini wa jembe, na abiria wote wakasimuliwa.

Nilichojifunza ni kwamba kuirudisha pia ni kazi ya dakika moja ya daktari. Kuizuia isihame ni kazi ya nyumba nzima. Minza hakubali kufanya mazoezi peke yake. Kila asubuhi mimi, yeye na bibi tunalala chali kwenye mkeka uani, tunainua mguu mmoja mmoja na kuhesabu hadi kumi kwa sauti. Juzi katekista alitukuta hivyo. Akavua kofia, akasubiri kimya tumalize, kisha akauliza kwa upole tumehamia dhehebu gani.